Kuchagua televisheni ya HD ya bei nafuu: mwongozo kwa wanaoishi katika makazi ya wakimbizi Uganda

Makala hii ni kwa wewe unayeishi Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja, Kyangwali au makazi mengine ya Uganda, na unafikiria kununua televisheni ya nyumbani. Inaeleza maana ya HD, jinsi ya kujua kama televisheni itafanya kazi kwa umeme ulio nao, mitego ya kuangalia dukani na sokoni, na karatasi unazopaswa kudai kabla hujatoa pesa.

Kwa familia nyingi televisheni ni kitu cha pili kwa bei kubwa ndani ya nyumba, baada ya sola. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula nchini Uganda hugawiwa kulingana na uhitaji, na familia nyingi zinapokea kidogo kuliko zamani au hazipokei kabisa. Pesa ya televisheni mara nyingi inatoka kwenye mavuno ya mahindi, kwenye biashara ndogo au kwenye zamu yako ya likelemba. Ukikosea kuchagua, pesa hiyo hairudi.

Kwa ufupi

- Anza na umeme. Televisheni usiyoweza kuiwasha kila jioni si ya bei nafuu.
- Kwa chumba cha kawaida, inchi 24 au 32 ya HD inatosha. Full HD kwenye inchi 32 haionekani tofauti ukikaa mbali zaidi ya mita mbili.
- Hakikisha imeandikwa DVB-T2. Bila hiyo utalazimika kununua dikoda.
- Usinunue televisheni ya mtumba bila kuiona ikiwaka kwa nusu saa.
- Usinunue bila risiti au mkataba wenye namba ya televisheni yenyewe.

Una umeme wa aina gani?

Watu wengi huanza kwa kuuliza ukubwa wa skrini. Anza na swali la umeme, kwa sababu ndilo linalopunguza machaguo yako kabla hata hujafika dukani.

Kama nyumba yako ina umeme wa gridi, au unanunua umeme wa jenereta kwa jirani, utahitaji televisheni ya kawaida ya kuchomeka ukutani. Umeme wa Uganda ni volti 240. Geuza televisheni, usome kibandiko cha nyuma. Kikiwa kimeandikwa 100–240V, iko sawa. Kikiwa kimeandikwa 100V au 110–120V tu, iliundwa kwa ajili ya nchi kama Japani au Marekani, na ukiichomeka moja kwa moja itaungua. Umeme wa jenereta hupanda na kushuka, kwa hiyo tenga pesa ya kifaa cha kulinda umeme. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya televisheni.

Kama unatumia sola, tafuta televisheni ya volti 12, ile inayounganishwa na betri bila inveta. Inveta hubadilisha umeme wa betri uwe kama wa ukutani, lakini katika kufanya hivyo hupoteza sehemu ya umeme huo, na yenyewe pia hula betri hata kama hakuna kinachowaka.

Hesabu ya betri si ngumu. Chukua volti uzidishe kwa saa-ampea zilizoandikwa juu ya betri. Betri ya volti 12 yenye 50Ah ina wati-saa 600. Betri za kawaida za asidi hazipendi kumalizwa. Ukitumia zaidi ya nusu kila siku zitakufa mapema. Kwa hiyo una wati-saa 300 za kutumia kila usiku. Sasa angalia:

- Televisheni ya inchi 24 ya volti 12 inayokula wati 20, pamoja na dikoda ya wati 10, ni wati 30. Betri hiyo itakupa karibu saa 9 au 10.
- Televisheni ya inchi 32 ya umeme wa ukutani inayokula wati 45, pamoja na dikoda, ni wati 55. Ukiongeza kinachopotea kwenye inveta inafika kama wati 65. Utapata saa nne na nusu.
- Televisheni ya inchi 43 inayokula wati 80, pamoja na dikoda na inveta, inapita wati 100. Utapata chini ya saa 3, na hapo bado hujawasha taa wala kuchaji simu.

Mechi moja ya mpira pamoja na mapumziko inachukua karibu saa 2. Fikiria ni mara ngapi kwa wiki familia itaangalia mechi, habari na filamu, kisha uchague.

Kumbuka pia kwamba betri ni lazima ijazwe tena. Kurudisha wati-saa 300 kwa siku moja ya jua zuri unahitaji paneli ya wati 80 hadi 100. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, paneli hiyo hiyo itatoa pungufu. Usiunganishe televisheni kwenye betri bila kidhibiti chaji na fyuzi. Betri inapochajiwa volti zake hupanda juu ya 14, na televisheni nyingine za volti 12 hazivumilii. Hakikisha pia waya wa chanya na wa hasi haijabadilishana. Kosa hilo la sekunde moja linaweza kuua televisheni siku ya kwanza, na hakuna waranti inayolifunika.

HD ni nini hasa?

Picha ya televisheni imeundwa kwa nukta ndogo sana za mwanga. Nukta zikiwa nyingi, picha inakuwa safi zaidi. Majina unayoyaona kwenye boksi yanahesabu nukta hizo:

- Picha ya kawaida, SD: nukta 720 kwa 576. Ndiyo picha ya televisheni za zamani zenye kichogo, na chaneli nyingine bado hurusha hivyo.
- HD, au HD Ready: angalau 1280 kwa 720. Televisheni nyingi za inchi 24 na 32 zina kioo cha 1366 kwa 768.
- Full HD: 1920 kwa 1080, yaani nukta zaidi ya milioni 2, karibu mara mbili ya 1366 kwa 768.
- 4K: 3840 kwa 2160.

Je, ulipe zaidi upate Full HD? Jibu linategemea umbali unaokaa. Jicho la kawaida lina kikomo. Kwenye skrini ya inchi 32, ukikaa mbali zaidi ya mita mbili, jicho haliwezi kutenganisha nukta za HD, na Full HD haikuongezei kitu. Ukikaa mita moja na nusu, utaona tofauti kidogo. Full HD inaanza kuwa na maana kwenye inchi 40 na kuendelea. 4K kwenye televisheni ndogo ni kulipia nukta ambazo hakuna mtu ndani ya nyumba atakayeziona.

Jambo la pili: televisheni haiwezi kutengeneza usafi ambao haumo kwenye picha inayoingia. Chaneli ikirushwa kwa SD, au filamu ya kwenye flashi ikiwa imebanwa sana, televisheni ya Full HD itaikuza tu. Wakati mwingine inaonekana mbaya zaidi kuliko kwenye skrini ndogo.

Maneno ya boksi na maneno ya kioo

Hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa. Kwenye boksi pameandikwa kwa herufi kubwa "Full HD 1080p". Muuzaji anakuambia, "Mama, hii ni Full HD kabisa, soma mwenyewe." Ukisoma maandishi madogo ubavuni, unakuta 1366 x 768. Maana yake ni kwamba televisheni inaweza kupokea picha ya 1080, lakini kioo chake kinaipunguza kabla ya kuionyesha. Si lazima iwe mbovu, ila usiilipie bei ya Full HD.

Tafuta mstari unaotaja ubora wa kioo chenyewe, kwenye ubavu wa boksi au kwenye kitabu cha maelekezo. Kama hakuna boksi, andika namba ya modeli iliyo nyuma ya televisheni, uitafute kwenye simu yako kabla ya kulipa. Kama namba ya modeli haipatikani popote, au kibandiko kimebanduliwa, hiyo ni sababu ya kutosha ya kuondoka.

Jihadhari na jina la kampuni kubwa lililobadilishwa herufi moja, na nembo iliyobandikwa kwa stika. Ndani ya televisheni nyingine za bei ya chini sana kuna kioo kilichotolewa kwenye kompyuta ya zamani. Dalili yake ni umbo: skrini inakaribia mraba, au watu wanaonekana wamevutwa wakawa wanene au warefu kupita kawaida.

Ukubwa: beba futi ya kupimia

Inchi hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa pili, na ni sehemu inayowaka tu inayohesabiwa. Fremu haihesabiwi. Vipimo hivi vitakusaidia:

- Inchi 19: mshazari sentimita 48, upana 42, kimo 24.
- Inchi 24: mshazari sentimita 61, upana 53, kimo 30.
- Inchi 32: mshazari sentimita 81, upana 71, kimo 40.
- Inchi 43: mshazari sentimita 109, upana 95, kimo 53.

Kupungua kwa sentimita moja ni kawaida, inchi 31.5 huuzwa kama 32 duniani kote. Lakini "32" inayopima sentimita 71 kwa mshazari ni inchi 28, na bei inapaswa kushuka. Ukitoa futi mfukoni na kupima mbele ya muuzaji, mazungumzo ya bei hubadilika yenyewe.

Pima pia nyumbani kabla ya kwenda. Kwenye nyumba ya chumba kimoja na sebule ndogo, mtu hukaa mita moja na nusu hadi mbili na nusu kutoka ukutani. Inchi 24 hadi 32 inatosha familia ya watu saba kuona vizuri.

Je, ina DVB-T2?

Uganda ilianza kuzima matangazo ya analojia mwaka 2015. Siku hizi chaneli za hewani, kama UBC na nyinginezo, hurushwa kwa mfumo wa dijitali unaoitwa DVB-T2. Televisheni yenye DVB-T2 ndani yake inahitaji antena ya nje ya UHF peke yake. Unachomeka antena, unatafuta chaneli kwa rimoti, na zile za bure zinajitokeza. Chaneli za kulipia bado zitahitaji dikoda na kadi ya kampuni husika.

Soma herufi hizo kwa makini, maana namba 2 ina uzito wake:

- DVB-T2: inafaa Uganda.
- DVB-T bila 2: mfumo wa zamani. Televisheni nyingi za mtumba kutoka Ulaya ziko hivi, na hazitashika chaneli za hapa bila dikoda.
- ATSC: mfumo wa Marekani. ISDB-T: mfumo wa Japani. Hazitashika kitu hapa bila dikoda.
- DVB-S2: ni ya dishi, si ya antena. Inafaa kwa wanaotaka chaneli za bure za setilaiti.

Dikoda si jambo baya, lakini iongeze kwenye hesabu: bei yake, wati zake, na rimoti ya pili. Televisheni ya bei ya chini isiyo na T2 inaweza kugeuka kuwa ghali kuliko ile uliyoiacha dukani.

Kabla ya kununua antena au dishi, tembelea nyumba mbili au tatu za jirani, uulize wanashika chaneli zipi na wameelekeza antena wapi. Makazi yetu ni mapana, yana vilima na mabonde. Kijiji kimoja kinashika vizuri na kijiji cha ng'ambo hakipati kitu. Muuzaji wa mjini hajui hali ya kwenu. Jirani yako anaijua.

Waya unaoua HD

Watu wengi wana televisheni ya HD lakini hawajawahi kuona picha ya HD juu yake. Sababu ni waya. Dikoda nyingi huja na waya wenye vichwa vitatu: njano, nyekundu na nyeupe. Waya huo hupitisha picha ya SD tu, hata kama chaneli ni HD na televisheni ni HD. Ili kupata HD ni lazima utumie waya wa HDMI, wenye kichwa bapa kimoja.

Kwa hiyo hakikisha televisheni ina angalau tundu moja la HDMI, na mawili ni bora. Hakikisha pia dikoda yako ina tundu hilo. Waya wa HDMI wa bei ya kawaida wa mita moja na nusu unatosha. Usikubali kuuziwa wa dhahabu.

Tundu la USB nalo ni muhimu, kwa sababu wengi wetu hununua filamu kwenye flashi badala ya kwenda kibandani. Beba flashi yako mwenyewe dukani, yenye filamu unazoangalia kwa kawaida. Televisheni nyingine husoma picha na muziki tu. Nyingine hufungua filamu lakini bila sauti. Jaribu zaidi ya faili moja.

Smart au ya kawaida?

Televisheni ya smart huingia kwenye intaneti. Swali ni nani atalipa data. Video ya Full HD inaweza kula karibu GB 3 kwa saa moja. Hata video ya ubora wa chini hula mamia ya MB. Kwa anayenunua bando la siku, filamu moja inaweza kumaliza bando la wiki. Smart za bei ya chini pia huwa na programu za zamani ambazo baada ya miaka michache hukataa kufunguka. Kama huna Wi-Fi ya uhakika, chukua ya kawaida, na tofauti ya bei uiweke kwenye betri bora.

Mpya au ya mtumba?

Ya mtumba inaweza kuwa nzuri, na wakati mwingine hudumu kuliko mpya ya bei rahisi. Lakini iwashe, uiangalie kwa nusu saa bila haraka. Ubovu mwingi hujitokeza televisheni ikishapata joto.

- Weka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu. Tafuta mistari, madoa meusi na pembe zilizofifia.
- Picha yote ikielekea kwenye bluu au zambarau, taa za ndani zimechoka.
- Sauti ipo lakini skrini ni nyeusi? Mulika kwa tochi ya simu karibu na kioo. Ukiona picha hafifu, taa za ndani zimekufa lakini kioo ni kizima, na fundi anaweza kubadilisha taa hizo.
- Ufa kwenye kioo, hata mdogo, au mistari isiyotoka: achana nayo. Bei ya kioo kipya inakaribia bei ya televisheni nyingine.
- Chomeka kitu kwenye kila tundu: antena, HDMI, USB. Bonyeza kila kitufe cha rimoti.

Achana na televisheni za plasma, hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Plasma ya inchi 42 inaweza kula zaidi ya wati 200. Hiyo si ya sola. Televisheni za zamani zenye kichogo nazo haziwezi kuonyesha HD, na hula umeme kuliko LED kubwa kuzishinda.

Kulipa kidogo kidogo

Kampuni za sola huuza televisheni za volti 12 pamoja na paneli na betri, kwa malipo ya kila siku au kila wiki kupitia simu. Ni njia nzuri kwa asiye na pesa taslimu, na mara nyingi vifaa vyake vinaendana. Lakini fanya hesabu ya jumla kabla ya kutia sahihi.

Tuseme seti moja inauzwa shilingi 600,000 taslimu. Kwa mkopo unatoa 100,000 mwanzoni, kisha 2,500 kila siku kwa siku 365. Malipo ya siku peke yake ni 912,500. Jumla ni 1,012,500. Umelipa shilingi 412,500 zaidi ya bei ya taslimu. Huenda ni sawa kwako, lakini ijue namba hiyo mwanzoni, usije ukaigundua mwishoni.

Uliza maswali haya, na udai majibu yawe kwenye mkataba kwa lugha unayoielewa:

- Nikikosa kulipa wiki moja, je, vifaa vinafungwa? Vikifungwa, taa za nyumba nazo zinazimika?
- Nikilipa mapema napunguziwa?
- Ikiharibika kabla sijamaliza deni, naendelea kulipa wakati iko kwa fundi? Fundi yuko wapi, na nani analipa usafiri?
- Nikihamishwa, nikirudi nyumbani au nikipata nafasi ya kwenda nchi ya tatu, deni linakuwaje?
- Nikimaliza, napewa hati gani ya kuonyesha kwamba kifaa ni changu?

Kama wewe ni mwanachama wa kikundi cha akiba, linganisha riba ya kikundi na tofauti ya bei ya mkopo wa kampuni. Mara nyingi kukopa kikundini na kununua taslimu hugharimu kidogo zaidi kuliko bei ya taslimu, lakini chini ya mkopo wa kampuni. Na faida ya riba inabaki kwa wanakikundi wenzako.

Karatasi zinazokulinda

Chini ya sheria ya Uganda, kupokea mali ya wizi ukijua au ukiwa na sababu ya kujua kwamba imeibwa ni kosa la jinai. Televisheni inayouzwa usiku, kwa bei ya ajabu, bila boksi wala rimoti, inaweza kukupeleka kituo cha polisi. Hapo utapoteza televisheni, pesa, na siku nyingi za kujieleza.

Dukani, dai risiti yenye jina na mahali pa duka, tarehe, bei, modeli na namba ya seri, ile iliyo nyuma baada ya herufi S/N. Soma namba hiyo mwenyewe na uilinganishe. Waranti nayo iandikwe: miezi mingapi, inafunika nini, na nani anatengeneza. Waranti ya mdomo haina nguvu.

Ukinunua kwa mtu binafsi, andikeni mkataba wa mauzo. Uwe na majina ya pande zote mbili, namba za vitambulisho, maelezo ya televisheni pamoja na namba ya seri, bei, tarehe na sahihi. Fanyeni hivyo mbele ya mwenyekiti wa RWC1, au LC1 kama muuzaji ni mwenyeji, pamoja na mashahidi wawili. Muuzaji anayekataa kwenda kwa mwenyekiti amekwisha kukujibu.

Piga picha ya risiti na ya namba ya seri, uzihifadhi kwenye simu na kwa mtu unayemwamini. Karatasi hizo zitakusaidia pia siku utakapotaka kuuza, au televisheni ikiibwa kwako na polisi wakaipata.

Kuifikisha nyumbani na kuitunza

Televisheni nyingi huvunjika njiani, si nyumbani. Skrini bapa ibebwe ikiwa imesimama wima, ndani ya boksi na povu zake, usiilaze. Ukilaza, kila shimo la barabara ya murami linagonga katikati ya kioo. Kwenye bodaboda, mtu wa pili akae nyuma aishike. Kama gari linajaza mizigo mingine, subiri lingine. Dukani, iwashwe mbele yako kabla ya kufungwa. Ukifika nyumbani iwashe siku hiyo hiyo, maana madai ya kioo kilichopasuka hayasubiri wiki.

Iweke mbali na madirisha yanayopitisha mvua na mbali na jiko. Kama nyumba ni ya udongo, ifunike kwa kitambaa ikiwa imezimwa, lakini usifunike matundu ya nyuma ikiwaka. Skrini ifutwe kwa kitambaa laini kikavu. Usitumie sabuni wala mafuta ya taa.

Jambo la mwisho ni radi. Novemba 2024 radi iliua watu 14 katika makazi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, walipokuwa wamekusanyika kwa maombi. Nguzo ya antena juu ya paa inaongeza hatari. Wingu la mvua likianza kunguruma, chomoa waya wa antena na wa umeme, uziweke mbali na watu, na watoto wasikae karibu navyo. Usipande kurekebisha antena wakati wa mvua, hata kama mechi imefika dakika za mwisho.

Kabla ya kutoa pesa: orodha ya kubeba dukani

1. Najua wati za televisheni, na betri yangu inazimudu kwa saa ninazotaka.
2. Volti zake zinaendana na umeme wangu: 12V ya sola, au 100–240V ya ukutani.
3. Nimesoma ubora wa kioo chenyewe, si maneno ya boksi.
4. Nimepima mshazari kwa futi.
5. Ina DVB-T2, au bei ya dikoda imo kwenye hesabu yangu.
6. Ina HDMI na USB, na flashi yangu imefunguka kwa picha na sauti.
7. Imewaka mbele yangu, nusu saa kama ni ya mtumba.
8. Najua jumla nitakayolipa mpaka mwisho.
9. Nina risiti au mkataba wenye namba ya seri.
10. Nimebakiza pesa ya usafiri, antena, na chakula cha mwezi huu.

Ukikosa jibu la swali moja kati ya haya, usinunue siku hiyo. Uliza maduka matatu, rudi nyumbani, lala ukifikiri. Msimu wa mpira hurudi kila mwaka, na televisheni dukani hazitakwisha.